Mwongozo wa Kuzuru Mahame ya Wachimbaji Madini katika Jangwa la Nevada na California

Katika jangwa lililo kati ya Las Vegas na milima ya Sierra Nevada, miji ilijengwa na kuhamwa kwa kasi ya ajabu kuanzia mwaka 1859 hadi siku za Vita vya Kwanza vya Dunia. Mingine ilikuwa na benki za zege, hoteli zenye umeme na vituo vya treni, na haikudumu hata miaka kumi na mitano. Mwongozo huu umekusudiwa msomaji anayeishi Marekani, au anayekwenda huko kwa matembezi, na ambaye angependa kuielewa historia ya uchimbaji kwa kuifuata mahali ilipotokea. Shauri langu la msingi, ambalo hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake, ni kwamba mahame ya wachimbaji husomwa kuanzia kwenye mwamba. Tafuta kwanza mahali jiwe lilipotolewa, lifuate hadi lilipopondwa na kuchenjuliwa, yaani kutenganishwa na madini yake, na baada ya hapo ndipo uzitazame nyumba. Mgeni anayeanza na nyumba huondoka akijiuliza kwa nini watu walijenga mahali pasipo na maji wala mti, na jibu la swali hilo liko mlimani.

Hatua ya kwanza: Fahamu kilichowaleta watu na kilichowaondoa

Mwaka 1859 mwamba mkubwa wa madini ya fedha uitwao Comstock ulijulikana huko Nevada, na juu yake ukazuka mji wa Virginia City. Hapo ndipo wachimbaji wa magharibi walipojifunza kwenda chini sana. Mwaka 1860 mhandisi Philip Deidesheimer alibuni namna ya kupanga matimba, yaani magogo ya kuutegemeza mwamba, katika umbo la vyumba vya mraba vilivyoungana kwa juu na kwa ubavuni, ili mwamba laini usiwaporomokee watu, na mtindo huo ukaigwa kotekote. Baada ya Comstock, mtafutaji yeyote aliyekuwa na punda, sururu na chakula cha wiki chache aliamini kwamba mlima unaofuata ungeweza kuwa na utajiri kama ule.

Sheria ya madini ya mwaka 1872 iliwapa nguvu watu hao. Raia aliweza kuweka alama zake katika ardhi ya umma, akadai kipande cha mwamba chenye urefu usiozidi mita 457 na upana usiozidi mita 183, na kukishikilia kwa kufanya kazi yenye thamani ya dola 100 kila mwaka. Ukiona mlima uliojaa vishimo vifupi visivyofika popote, kumbuka sheria hiyo, kwa sababu vingi kati ya vishimo hivyo vilichimbwa ili kutimiza masharti ya kushikilia eneo.

Kilichowaondoa watu hakikuwa kimoja. Mara nyingine mwamba wenye madini uliisha, au uliendelea chini ukiwa hafifu kiasi kwamba gharama ilizidi mapato. Huko Tombstone, Arizona, maji yaliyojaa migodini pamoja na moto wa mwaka 1886 ulioteketeza pampu viliuvunja mji nguvu. Bei ya madini ya fedha iliporomoka baada ya serikali kuacha kuyanunua kwa wingi mwaka 1893, na miji kama Calico, karibu na Barstow, ikakosa maana ya kuendelea. Msukosuko wa mabenki wa mwaka 1907 uliwakimbiza wenye mitaji. Hatimaye, Oktoba 1942, serikali iliamuru migodi ya dhahabu isimamishwe ili wafanyakazi na mashine vielekezwe kwenye madini ya vita, na mingi kati ya iliyofungwa wakati huo haikufunguliwa tena.

Msomaji aliyekulia karibu na machimbo ya Geita, Chunya au Migori ana faida kubwa hapa, kwa kuwa anajua tayari duara (shimo la mgodi) ni nini, matimba hukaa vipi, na marudio (mchanga unaobaki baada ya jiwe kuchenjuliwa) hurundikwa wapi. Njia ya jiwe ni ileile.

Hatua ya pili: Andaa ramani na magazeti ya zamani ukiwa nyumbani

Idara ya jiolojia ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi USGS, imeweka mtandaoni bila malipo ramani zake za sura ya nchi, zikiwemo matoleo ya zamani sana. Pakua toleo la kale la eneo unalokwenda pamoja na la sasa, uyaweke sambamba. Katika ramani hizo, sururu mbili zilizopishana huonyesha mgodi, na alama ndogo ya msalaba huonyesha shimo la majaribio. Njia za reli zilizong'olewa huonekana katika toleo la kale, na katika toleo la sasa mara nyingi utaziona zikiwa barabara za vumbi zilizonyooka isivyo kawaida.

Maktaba ya Bunge la Marekani nayo imehifadhi mtandaoni magazeti mengi ya Nevada, kama vile Tonopah Bonanza. Yasome, lakini kwa uangalifu. Magazeti ya miji hiyo yalikuwa yakiuza viwanja na hisa kwa watu wa mbali, kwa hiyo habari kuhusu utajiri wa mgodi na idadi ya watu haziaminiki sana. Mimi huamini zaidi kurasa za matangazo: bei ya magogo, ratiba ya treni, mahali mtu alipouza maji. Mwenye duka hakuwa na sababu ya kudanganya kuhusu bei ya unga.

Hatua ya tatu: Chagua majira, gari na maji

Kwa jangwa la chini, yaani Death Valley na maeneo yanayolizunguka, nenda kati ya Novemba na Machi. Usijaribu wakati wa kiangazi. Joto la nyuzi 56.7 lililoandikwa Furnace Creek tarehe 10 Julai 1913 ndilo la juu zaidi katika kumbukumbu rasmi za dunia, na hata siku ya kawaida ya Julai huko inaweza kumwangusha mtu mwenye afya ndani ya saa moja ya kutembea. Mvua nayo si ya kudharauliwa. Mwezi Agosti 2023 mabaki ya tufani Hilary yalileta mafuriko yaliyoifanya hifadhi ya Death Valley ifungwe hadi Oktoba. Kabla ya kuondoka, soma taarifa ya barabara inayotolewa na hifadhi siku hiyohiyo.

Gari dogo la kawaida linatosha kwa Rhyolite, Harmony, Goldfield na Tonopah, vituo vinavyoelezwa hapa chini. Kwingineko barabara zina mawe makali yanayotoboa matairi, hivyo beba tairi la akiba la ukubwa kamili na jeki uliyokwisha kuijaribu. Weka maji yasiyopungua lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, na mengine ya ziada yabaki garini hata kama safari ni ya saa chache. Simu haina mtandao katika sehemu kubwa ya njia hii. Pakua ramani mapema, beba na ya karatasi, na umwachie mtu nyumbani maelezo ya unakokwenda na saa utakayorudi. Wasimamizi wa hifadhi wanaonya wazi kwamba mtu asitegemee maelekezo ya kifaa cha gari peke yake, kwa sababu vifaa hivyo vimewapeleka watu kwenye barabara zilizokufa zamani. Jaza mafuta katika miji ya Beatty na Tonopah hata kama tangi halijafika nusu.

Hatua ya nne: Jifunze kukaa mbali na mashimo

Hatua hii haina mjadala. Usiingie katika mgodi wowote uliotelekezwa, hata kama mlango wake uko wazi, hata kama ndani panaonekana pakavu na imara, na hata kama umekulia kwenye machimbo na unajua kazi. Ujuzi wa duara linalofanya kazi hausaidii katika duara ambalo halijaguswa kwa miaka mia moja. Matimba yaliyosimama wima yanaweza kuwa yameoza ndani yakabaki gamba. Sakafu unayoikanyaga inaweza kuwa mbao zilizofunikwa vumbi, na chini yake shimo la wima la mita nyingi. Hewa isiyo na oksijeni hutuama humo bila harufu wala rangi, na mtu huanguka kabla hajahisi kwamba amekosa pumzi.

Nje pia kuna mipaka. Kingo za shimo la wima mara nyingi hulika kwa chini, hivyo udongo unaoonekana mgumu unaweza kuwa unaning'inia. Usisogee ili kuchungulia. Baruti ya zamani hutoa jasho la nitrogliserini ambalo hulipuka kwa kuguswa tu, kwa hiyo ukiona sanduku, vijiti au vifuko vidogo vya shaba vya kulipulia, rudi kwa njia uliyojia na umpigie simu sherifu wa wilaya. Katika nyumba za mbao zilizofungwa, panya huacha kinyesi chenye virusi vya hanta, ambavyo mtu huvuta pamoja na vumbi. Usifagie wala usilale humo. Katika miezi ya joto tazama unapoweka mkono, kwani nyoka wa huko wenye sumu, ambao hutikisa mikia yao hadi ikalia, hupenda kivuli cha mawe na mabati.

Milango mingi ya migodi imewekwa vyuma vyenye nafasi za kupitisha popo. Vyuma hivyo si mapambo wala dharau kwa mgeni. Popo wamefanya makazi humo, na kuwasumbua wakati wa baridi huwaua.

Hatua ya tano: Anza na Rhyolite

Kwa mtu wa mara ya kwanza hakuna mahali bora kuliko Rhyolite. Kutoka Las Vegas fuata barabara kuu namba 95 kuelekea kaskazini-magharibi kwa takriban kilomita 190 hadi mji mdogo wa Beatty, kisha ukate kushoto kwa barabara namba 374. Rhyolite iko kilomita chache tu kutoka hapo, chini ya vilima vya Bullfrog.

Mwezi Agosti 1904 watafutaji wawili, Shorty Harris na Ed Cross, waliokota huko jiwe la kijani lenye madoa ya dhahabu, wakaliita jina la chura, Bullfrog, kwa ajili ya rangi yake. Habari zilipofika Goldfield, mji wa dhahabu ulioko kaskazini, watu walikimbia kwa mikokoteni, kwa punda na kwa miguu. Mji ulipimwa mwaka 1905. Maji yaliletwa kwanza kwa mapipa, kisha kwa mabomba. Reli ya kwanza ilifika Desemba 1906, nyingine mbili zikafuata. Charles Schwab, tajiri wa viwanda vya chuma vya mashariki, alinunua mgodi mkubwa wa Montgomery Shoshone mwaka 1906, na jina lake peke yake likatosha kuwashawishi watu wa New York na San Francisco kununua hisa za migodi ambayo hawangeiona kamwe.

Ukifika, egesha gari karibu na gofu la benki ya John S. Cook, lakini usianze nalo. Ligeuzie mgongo. Tazama miteremko ya milima ya Bonanza na Ladd iliyoukabili mji, na utaona ndimi za mawe zenye rangi tofauti na mlima wenyewe, zikiteremka kutoka kwenye vitundu vidogo. Hicho ni kifusi, mawe yasiyo na madini ambayo wachimbaji waliyatoa ili wapate njia. Jiwe likivunjwa hutanuka, kwa hiyo kifusi huwa kikubwa kuliko nafasi lililotoka, na hata hivyo ukikikadiria kwa macho unapata picha ya urefu wa njia zilizoko ndani. Kifusi kidogo maana yake ni njia fupi. Usikichanganye na marundo makubwa yaliyonyooshwa kwa mashine upande wa kusini: hayo ni ya mgodi wa kisasa wa wazi, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufungwa miaka kama kumi baadaye.

Sasa geuka uitazame benki. Ilikuwa na ghorofa tatu, ilikamilika mwaka 1908, na iligharimu kiasi cha dola 90,000 pamoja na marumaru kutoka Italia na mbao za mkangazi. Linganisha uzito wa jengo hilo na wembamba wa ndimi za kifusi ulizotoka kuzitazama. Tofauti hiyo ndiyo historia ya Rhyolite. Zege lile lililipwa zaidi na watu walionunua hisa kuliko na dhahabu iliyotoka mlimani. Mwaka 1908 baadhi ya wanahisa wa Montgomery Shoshone waliingiwa na shaka, wakamwajiri mhandisi wa Kiingereza kuukagua mgodi, na taarifa yake haikuwa nzuri. Hisa iliyowahi kuuzwa kwa dola 23 ilishuka hadi chini ya dola 3, na mgodi ulipofungwa mwaka 1911 bei yake ilikuwa senti chache. Shule ya zege, ambayo kuta zake bado zinasimama upande wa chini wa mji, ilimalizika mwaka 1909, wakati familia zilikuwa zimekwisha kuanza kufunga mizigo. Umeme ulikatwa mwaka 1916, na kufikia 1920 mji ulikuwa karibu mtupu.

Tembea taratibu kutoka benki hadi kituo cha treni kilicho juu, jengo lililobaki zima kuliko yote. Njiani hesabu misingi ya mawe iliyokaa bila kuta. Nyumba nyingi za Rhyolite hazikuanguka. Zilibomolewa, mbao zikapelekwa Beatty na kwingineko, kwa sababu katika nchi isiyo na miti ubao mkavu ni mali. Upande wa chini utaiona nyumba ya chupa, iliyojengwa na Tom Kelly mwaka 1906 kwa makumi ya maelfu ya chupa, nyingi zikiwa za bia. Aliokoa gharama za mbao kwa kutumia kile ambacho baa za mji zilikitupa kila asubuhi. Usiegemee kuta zake wala usivuke uzio wa magofu.

Hatua ya sita: Fuata jiwe hadi kinuni, katika Death Valley

Rhyolite inafundisha habari za mtaji, ila haionyeshi vizuri namna jiwe lilivyosafiri. Kwa hilo vuka mpaka uingie hifadhi ya Death Valley na uende Keane Wonder, mgodi wa dhahabu uliofanya kazi hasa kati ya mwaka 1907 na 1912. Wasimamizi waliufunga mwaka 2008 kwa sababu ya hatari, wakaimarisha mashimo na minara, kisha wakaufungua tena mwaka 2017.

Hapa minara ya mbao bado imesimama mlimani, ikibeba waya mnene wa chuma uliopitisha ndoo za mawe kwa umbali wa karibu kilomita moja na nusu. Simama kwenye kituo cha chini uitazame ilivyopangwa. Ndoo iliyojaa iliteremka kwa uzito wake na kuivuta juu ndoo tupu, hata injini haikuhitajika kwa kazi hiyo. Chini kulikuwa na kinu chenye michi ya chuma, iliyoinuliwa na kuangushwa juu ya jiwe hadi likawa unga. Unga huo ulichanganywa na maji na kupitishwa juu ya sahani za shaba zilizopakwa zebaki, ambayo iliinasa dhahabu. Baada ya mbinu ya kuyeyusha dhahabu kwa kemikali ya sianidi kubuniwa huko Scotland mwaka 1887, migodi mingi ilirudia kuyachenjua hata marudio yaliyokuwa yametupwa.

Mara nyingi kinu chenyewe kimeuzwa au kuungua, na kinachobaki ni ngazi kubwa za mawe kwenye mteremko. Vinu vilijengwa hivyo makusudi, ili jiwe liingie juu na kushuka hatua kwa hatua kwa uzito wake. Ukiona ngazi za aina hiyo na chini yake uwanda wa mchanga laini wa rangi ya kijivu au ya maziwa, usioota kitu, umepata kinu na marudio yake. Usikae juu ya mchanga huo wala usiwaache watoto wauchezee, kwani una mabaki ya zebaki, risasi, aseniki na sianidi.

Kutoka hapo teremka hadi Harmony, karibu na Furnace Creek. Huko hakukuwa na dhahabu. Kati ya mwaka 1883 na 1888 kampuni ya William Tell Coleman ilikusanya boraksi, chumvi nyeupe ya kutengenezea sabuni na vigae, kutoka kwenye uwanda wa ziwa lililokauka. Magari mawili ya mizigo na tangi la maji vilifungwa pamoja na kuvutwa na wanyama ishirini, kumi na wanane wakiwa nyumbu wa kufugwa na wawili farasi, kwa kilomita 265 hadi kituo cha reli cha Mojave. Gari moja liko pale, na wageni wengi hulipiga picha wakaondoka. Ningependa uende hatua chache zaidi na uutazame uwanda wenyewe, kwa kuwa walioikwangua boraksi ile ardhini, wakiinama juani siku nzima, walikuwa wafanyakazi wa Kichina ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kumbuka pia kwamba bonde lote ni nchi ya Watimbisha Shoshone, ambao wanaishi Furnace Creek hadi leo na ambao mwaka 2000 walirudishiwa kisheria sehemu ya ardhi yao.

Hatua ya saba: Panda kaskazini hadi Goldfield na Tonopah

Rudi Beatty, ufuate barabara 95 kwa zaidi ya kilomita 100 hadi Goldfield. Dhahabu ilipatikana huko mwaka 1902, na kufikia 1907 mji ulikuwa na watu wapatao 20,000, wengi kuliko mji wowote wa Nevada wakati huo. Mafuriko ya mwaka 1913 na moto wa mwaka 1923 viliondoa sehemu kubwa ya mji, lakini hoteli ya mwaka 1908 na jengo la mahakama vimebaki, na watu mia chache bado wanaishi hapo. Hawa si sehemu ya maonyesho. Wasalimu, usiingie viwanja vyao, na uliza kabla ya kupiga picha ya nyumba inayokaliwa.

Tarehe 3 Septemba 1906 Goldfield iliandaa pambano la ngumi la ubingwa wa dunia wa uzito mwepesi kati ya Joe Gans, bingwa Mmarekani Mweusi kutoka Baltimore, na Battling Nelson. Walipigana chini ya jua la jangwa kwa raundi 42, hadi Nelson alipopiga chini ya mkanda na Gans akatangazwa mshindi. Wenye mji walikuwa wameliandaa pambano ili kuitangaza Goldfield kwa wanunuzi wa hisa. Mwaka uliofuata wachimbaji waligoma, na Desemba 1907 Rais Theodore Roosevelt alituma wanajeshi kwa ombi la gavana. Kisa kimoja cha ugomvi kilikuwa vyumba vya kubadilishia nguo, ambavyo wenye migodi waliviweka ili wachimbaji wasitoke na vipande vya jiwe tajiri ndani ya mavazi yao. Yeyote aliyewahi kupekuliwa getini kwenye mgodi ataielewa hasira hiyo bila kuelezwa.

Tonopah, kiasi cha kilomita 43 mbele, ndiko mahali pa kuona mitambo ya uchimbaji ikiwa bado imesimama juu ya mashimo yake. Hifadhi ya kihistoria ya uchimbaji imewekwa kwenye maeneo yaleyale yaliyodaiwa na Jim Butler mwaka 1900, na unaweza kuitembelea minara ya kuvutia mawe, vyumba vya mashine na nyufa ndefu zilizoachwa wazi pale mwamba wa madini ya fedha ulipofika juu ya ardhi. Ukiwa na nafasi ya kituo kimoja tu baada ya Rhyolite, chagua hiki.

Hatua ya nane: Soma vitu vidogo bila kuvichukua

Jalala la zamani linaweza kukupa tarehe ya mahali hata pasipobaki ukuta. Chuchumaa, weka mikono magotini, na utazame. Kopo la bati lenye kifuniko kidogo cha mviringo katikati, na juu yake tone la lehemu lililoziba tundu la mvuke, ni la mtindo wa karne ya 19 ulioendelea hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kopo ambalo mwisho wake umekunjwa kwa mashine bila tone hilo lilianza kuenea baada ya mwaka 1904. Msumari wa pembe nne wenye ncha butu ni wa zamani kuliko ule wa mviringo uliotengenezwa kwa waya, ambao ulitawala kuanzia miaka ya 1890. Kioo kilichogeuka rangi ya zambarau hafifu kilikuwa cheupe kilipotoka kiwandani. Kilitiwa manganizi ili kisiwe na ukijani, na jua la miaka mingi limeyabadilisha, dalili kwamba chupa hiyo ilitengenezwa kabla au karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukiona mstari wa kalibu umepanda hadi juu kabisa ya mdomo wa chupa, imetengenezwa na mashine, na mashine hizo zilianza mwaka 1903.

Ukishatazama, acha kila kitu mahali kilipo. Sheria ya mwaka 1979 inalinda katika ardhi ya serikali ya Marekani vitu vya kale vilivyozidi miaka mia moja, na kwa hesabu hiyo karibu kila kipande kilichoko Rhyolite kimekwisha kufika umri huo. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuchukua hata jiwe, wala kutumia kifaa cha kutafutia vyuma. Mbali na sheria kuna sababu nyingine: kopo lililoko karibu na msingi wa hema linaeleza nani alikula pale na lini, na likishahamishwa linabaki kuwa kutu. Piga picha ukiwa umeweka kalamu au sarafu kando yake kwa ajili ya kipimo, kisha uandike mahali ulipolikuta.

Hatua ya tisa: Uiweke Bodie katika safari yake yenyewe

Bodie, upande wa California, iko mita zipatazo 2,550 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi theluji huifunga barabara yake. Kwa hiyo majira yanayofaa Death Valley hayaifai, na jaribio la kuviunganisha katika safari moja huharibu vyote viwili. Nenda kati ya Juni na mapema Oktoba. Kilomita tano za mwisho za barabara ni za vumbi na mawimbi.

Dhahabu ilipatikana huko mwaka 1859, lakini mji ulilala hadi katikati ya miaka ya 1870, mwamba wa mgodi wa Standard ulipoporomoka na kufichua jiwe tajiri. Kufikia 1880 watu walikuwa elfu kadhaa. Tangu mwaka 1962 jimbo la California linaihifadhi bila kuikarabati iwe mpya wala kuiacha ianguke: paa huzibwa, ukuta hutegemezwa, na vyombo vilivyoachwa hubaki mezani vikiwa na vumbi lake. Uliza siku hiyo kama kuna matembezi yanayoongozwa ndani ya kinu cha Standard, kwa sababu hapo utaiona michi ya chuma ikiwa imepangwa kama ilivyofanya kazi. Katika jumba la makumbusho soma pia barua za watu walioiba misumari na vipande vya kioo, kisha wakavirudisha kwa posta.

Hatua ya kumi: Ukirudi

Kung'uta viatu kabla ya kuingia garini na uvioshe kabla ya kuviingiza ndani ya nyumba, hasa ikiwa umetembea karibu na marudio, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Kisha pitia picha zako ukiwa na ramani ya zamani mkononi, uandike pembeni kila ulichokitambua: mlango wa mgodi, kifusi, ngazi za kinu, njia ya reli. Endapo uliona shimo la wima lisilo na uzio, chukua nambari za mahali kutoka kwenye ramani ya simu yako na uzipeleke kwa idara ya madini ya jimbo la Nevada, ambayo tangu mwaka 1987 ina mpango wa kuyazungushia uzio mashimo ya aina hiyo. Taarifa yako iseme shimo liko umbali gani kutoka barabarani, upana wake kwa makadirio, na kama kuna alama za watu kupita karibu nalo.